Magunia Mawili, Kikaango Kimoja

Kila asubuhi Mama Sikujua huwasha jiko lake pale soko la Warwick Junction, mjini Durban, na kuuza kahawa kwa wachukuzi na wauza mboga. Kibanda wanatumia wawili: yeye na Anicet, Mkongo mwenzake, anayeuza chaja na kava za simu.

Asubuhi moja mchukuzi alionja kahawa, akaitema. Mwingine akaacha kikombe kimejaa. Haikuwa mara ya kwanza.

"Mama Sikujua," Anicet akasema, "hii haiko kahawa, iko makala, mkaa mtupu. Achia mimi upande wako niweke simu. Weye rudia kuuza karanga, kama zamani."

Sikujua akasimama, mwiko mkononi. "Mimi? Nilizaliwa katikati ya mashamba ya kahawa, kule Kabare, Kongo! Place yangu siachi!"

"Tutaona. Mwenye kibanda anakuja samedi, Jumamosi hii. Akikuta hauna client, atanipatia mimi."

"Akuje! Atanikuta hapa hapa."

Alikasirika, na haki alikuwa nayo. Lakini hasira haikaangi kahawa.

Jioni hiyo alikuwa akikaanga uani, kwenye nyumba anayopanga kule mtaa wa Point. Moshi ukamtoa nje jirani yake Ernestina, Mtanzania wa Bukoba. Kwao Ernestina alikuwa mchambuzi wa punje za kahawa kiwandani.

"Dada, unaunguza nini?"

"Kahawa ya Madagaska. Na usinifundishe kahawa!"

"Sikufundishi. Nauliza tu. Wewe ukiinywa, unaionaje?"

Sikujua akaacha kukoroga. Kwao Kabare walilima kahawa, wakaivuna, wakaiuza yote. Nyumbani walikunywa chai. Hata hapa Durban alikuwa hajawahi kunywa kahawa anayoiuza.

"Hebu onja," Ernestina akasema.

Akachemsha kikombe kimoja, akaonja. Uso ukakunjamana. "Eish! Na watu wananilipa kwa hii?"

Ernestina akacheka, kisha akachota punje mbichi kutoka kwenye magunia mawili ya Sikujua. "Tazama. Hizi za mviringo ni robusta. Zinatoka mashariki ya kisiwa, upande wa Manakara, kwenye joto na mvua nyingi. Hizi ndefu, bapa kidogo, ni arabika. Zinatoka milimani, upande wa Itasy, kwenye baridi. Wewe unazikaanga pamoja?"

"Nachanganya yote. Nilifikiri kahawa ni kahawa."

"Ndiyo maana. Haziivi kwa wakati mmoja. Moja inaungua, nyingine bado mbichi ndani."

"Basi nifanyeje?"

"Kaanga kila moja peke yake. Moto mdogo, koroga bila kuacha. Zikilia pa! pa! angalia rangi. Ikiwa kahawia, epua. Usingoje nyeusi. Zipoze upesi kwenye ungo, halafu ndiyo uchanganye."

Jioni ile wote wawili walikaanga kila aina peke yake, kisha wakachanganya. Sikujua akaonja, akaonja tena, akamaliza kikombe. "Sasa Anicet akuje," akasema.

Jumamosi wachukuzi walirudi, wakaitana. Mwenye kibanda alipofika, hakupata pa kupita. Alikunywa kikombe, akaomba cha pili. "Huyu mama abaki hapa," akasema, akaenda zake.

Harufu ikamshinda Anicet. Akanyoosha mkono juu ya chaja zake. "Mama, nipatie na mimi kidogo."

Sikujua hakuinua hata macho. "Mustari unaanzia kule nyuma."

Anicet akazunguka kibanda, akaenda kusimama nyuma ya wachukuzi.