Kugonga Nyuma ya Kabati la Vitabu

Ndugu zangu, siwasimulii haya kwa sababu mimi ni mwema kuliko waliomo. Nilikuwemo, tena kwenye kiti cha karibu kabisa.

Kila Alhamisi saa tisa mchana, watu sita wa kanisa letu tulikutana sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu kusoma riwaya. Mwalimu alikuwa akisema Mungu haoni haya kumfundisha mtu hata kwa hadithi ya kubuni, na hilo naliamini mpaka leo. Yeye alisoma kwa sauti, sisi tukasikiliza, kisha kila mmoja akataja funzo la imani alilolipata. Mwenyewe hakuwahi kumaliza ukurasa bila kuokota funzo, ndiyo maana tulimbandika jina la Mama Funzo. Sebule yake ilikuwa safi, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, chai kwenye chupa, pazia limevutwa nusu. Mimi ni fundi cherehani. Baada ya kelele za mashine wiki nzima, utulivu ule ulinipumzisha kuliko usingizi.

Mwezi huo tulianza riwaya ya bikizee aliyefungiwa chumbani na wanawe. Bikizee huyo aligonga ukuta mara tatu tatu, akitumaini mtu atasikia. Mama Funzo akasoma, "Akagonga," na papo hapo tukasikia: ko, ko, ko.

Tukacheka kwa furaha. Mwokaji mikate, mtu wa mizaha ambaye hata akivaa suti hakosi unga kwenye viwiko, alipiga makofi. "Mwalimu, wewe kiboko! Kumbe unatugongea meza kwa chini!"

Mama Funzo akatabasamu. "Hadithi lazima isikike," alisema, akafunua ukurasa mwingine.

Mimi niliketi nimeligeuzia mgongo kabati la vitabu, na sauti ile haikutoka mezani. Ilitoka nyuma yangu. Nikajiambia ni masikio ya mtu wa cherehani, yamechoka. Nikamsifu na mimi.

Niwaambie pia kwamba nyumba ile ilikuwa na mtu mwingine. Mume wa Mama Funzo ni dereva wa lori, wiki tatu yuko njiani, na mama mzazi wa mume huyo aliishi nao. Kiharusi kilikuwa kimempunguzia nguvu za miguu na sauti. Tulipouliza, "Bibi hajambo?" jibu lilikuwa lile lile: "Anapumzika, jamani. Wazee ni usingizi tu." Tukaridhika, maana chai ilikuwa tayari.

Alhamisi ya pili kukagongwa tena. Ya tatu, kugonga kulitangulia. Mama Funzo alikuwa bado kwenye sentensi iliyotangulia, hajalifikia neno lenyewe, na tayari: ko, ko, ko. Nikamtazama mwokaji, naye akajifanya anakoroga chai iliyokwisha korogwa. Siku hiyo mafunzo yalikuwa mengi ajabu. Mwokaji alisema sura ile ingemfaa sana jirani yake. Mimi nikamfikiria wifi yangu. Mama Funzo alivua miwani, akafuta machozi ya kweli, akatuongoza kuwaombea wote wanaowafungia wazazi wao. Tulisema amina, na ukuta ukagonga.

Alhamisi ya nne bikizee wa kitabuni alikufa. Mama Funzo alisoma mazishi yake polepole, kitabu amekishika kwa mikono miwili. "Tangu siku ile," akasoma, "nyumba ikawa kimya."

Ko. Ko. Ko.

Hakuna aliyecheka. Sote tulitazama mikono yake, na yote miwili ilikuwa juu ya kitabu.

"Mwalimu," mwokaji alinong'ona, "nani anagonga?"

"Panya. Tuendelee." Akasoma kwa sauti kubwa zaidi, karibu ya kupiga kelele, na kugonga nako kukazidi. Vioo vya kabati vikaanza kutetemeka. Nikasimama.

"Kaa, dada," aliniambia. Uso wake ulikuwa umetota jasho. "Tumebakiza kurasa mbili tu."

Sikukaa. Nilipita ukumbini mpaka mlango wa chumba kilichopakana na sebule. Komeo lilikuwa kwa nje. Nililivuta, na nitakuwa mwongo nikisema nilitarajia kumkuta mtu aliye hai.

Joto lilinipiga usoni. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari, na kikombe sakafuni kilikuwa kikavu. Bibi alikuwa ameketi chini karibu na ukuta, mwiko mkononi. Mbele yake palikuwa na shimo la kutosha yai, na vumbi la saruji limemjaa mapajani. Ndugu zangu, Alhamisi nne haziwezi kuchimba shimo lile. Alivaa gauni nililomshonea mwenyewe mwaka uliopita, na sasa wangeenea wawili ndani yake.

Nikapiga magoti. Akaishika futi ya kupimia niliyoning'iniza shingoni, akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni pake. Alikuwa akisikia hadithi yote kupitia ukutani.

"Wa kitabuni amekufa," alisema. "Mimi bado."

Mwokaji ndiye aliyembeba, akilia kama mtoto. Hospitali walimlaza siku kumi na moja, na Mungu akamrudisha. Mwanawe aliporudi safari alichukua bisibisi, akang'oa komeo, akaliweka mezani mbele ya mkewe.

Mama Funzo alisimama mbele ya kanisa zima. "Mkono wake ulikuwa ukimwaga chai mbele ya wageni, nikaona aibu," alisema. "Nilimfungia Alhamisi moja tu. Halafu nikazoea." Kisha akaongeza jambo lililotuuma sote: "Na mliponisifu kwa kugonga, nilifurahi."

Siku hizi tunasomea chumbani kwa Bibi, dirisha wazi. Ana kiti chake na kijiko chake. Mtu akianza kusema, "Funzo hili lingemfaa jirani yangu," Bibi hugonga kikombe mara tatu, na msemaji huanza upya.

FUNZO

Soma hadithi, ndugu yangu, na umtafute Mungu humo. Mara nyingi yumo. Lakini nyani haoni kundule. Ukimlilia bikizee wa karatasi huku wa nyama na damu amefungiwa nyuma ya kabati lako, machozi hayo ni maji ya chumvi tu. Nasi tuliosikia tukasifu hatukufunga komeo, ila tulikalia mlango. Kabla ya kumpelekea jirani funzo, zunguka kwanza nyumba yako, chumba kwa chumba.

Mimi, nikiwa kwenye cherehani nikasikia kitu kimegonga mara tatu, hata kama ni tawi tu kwenye bati, huacha nguo kwenye sindano na kwenda kuangalia. Fanya hivyo na wewe. Nenda kafungue kwanza. Funzo utalitaja baadaye.