Mkwaruzo wa Saa Tisa

Kila siku saa tisa alasiri, wanafunzi wengine wakimiminika kuelekea nyumbani, msichana mmoja wa darasa la sita alibaki shuleni. Alipita ofisi ya walimu, akachukua ufunguo kwenye msumari, akaenda kufungua chumba cha kompyuta. Wenzake walimwita Kengele, kwa sababu sauti yake ilifika upande wa pili wa uwanja hata pale alipodhani ananong'ona.

Sauti hiyo ilikuwa imemtia matatani mara nyingi darasani, lakini muhula huu ilimpatia kazi. Mvulana aliyekaa naye dawati moja, ambaye darasa zima lilimwita Jirani, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho. Daktari alimwamuru akae nyumbani wiki sita bila kusoma chochote, hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Mwalimu wa sayansi, ambaye ndiye aliyesimamia chumba cha kompyuta, akapata wazo. Masomo yangesomwa kwa sauti na kurekodiwa, kisha yangepelekwa kwa Jirani kwenye flashi ili ayasikilize kitandani. Ijumaa Mwalimu angemfuata nyumbani na kumpa jaribio la sayansi kwa mdomo.

Wasomaji walikuwa wawili. Kengele, kiongozi, alisoma mchana. Twiga, msichana mrefu mwenye maneno machache, alisoma asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Walitumia kompyuta moja kuukuu, maikrofoni moja, na kisanduku cheusi cha sauti kilichotosha kwenye kiganja. Maikrofoni ilichomekwa kwenye kisanduku, na kisanduku kikachomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kompyuta yenyewe ilikuwa na matundu matatu tu yaliyokuwa mazima: la kibodi, la kipanya na la kisanduku. Mwalimu alikuwa amebandika karatasi ukutani: USICHOMEKE KITU KINGINE CHOCHOTE.

Jumatatu jioni Kengele alipeleka flashi kwa Jirani kama kawaida. Akamkuta amelala chali, macho yamefunikwa, mama yake akikunja nguo pembeni. Mama alichomeka flashi kwenye redio, wakasikiliza alichosoma Twiga asubuhi, kisha sauti ya Kengele ikajaa chumba kizima. Lakini haikuja peke yake. Kulikuwa na mkwaruzo, kra-kra-kra, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Kila baada ya maneno matatu manne, neno moja lilikatika.

"Mmea hutengeneza nini?" Jirani akauliza. "Nimesikia 'mmea hutengeneza', halafu kra, halafu 'kwa kutumia mwanga'."

"Chakula," Kengele akajibu. "Labda ni redio yenu."

"Sauti ya Twiga ya asubuhi ilitoka safi kabisa," mama Jirani akasema. "Ni redio hii hii."

Jirani akajaribu kusikiliza tena, kisha akageuzia uso ukutani. "Kichwa kinaniuma, Kengele. Nikisikiliza hivi mpaka Ijumaa nitafeli."

Njiani Kengele alijiuliza kilichoharibika ni nini, na jibu likamjia upesi. Asubuhi ile ile Twiga alikuwa amekipiga kisanduku kwa kiwiko, kikaanguka. Twiga mwenyewe ndiye aliyemwambia.

Kesho yake, kabla hata ya kuketi, Kengele alimfuata Mwalimu mbele ya darasa zima. "Mwalimu, kisanduku cha sauti kimeharibika. Twiga alikiangusha jana."

Macho yote yakamgeukia Twiga. Akasimama taratibu. "Kiliangukia juu ya mkoba wangu, Mwalimu. Nilikijaribu baadaye, kilikuwa kizima."

"Kizima, na Jirani anasikia maneno yakikatika!" Kengele akadakia. Watu wakacheka.

Mwalimu alikunja uso. "Twiga, pumzika kurekodi mpaka tujue kilichotokea. Kengele, endelea wewe." Twiga akaketi, akakiinamia kitabu chake, na mpaka kengele ya mapumziko ilipolia hakufungua hata ukurasa mmoja.

Siku hiyo mchana Kengele alirekodi tena, na mkwaruzo ukawa ule ule. Jumatano Mwalimu akampa kisanduku, kimefungwa kwenye kitambaa. "Shangazi yako si ni fundi wa redio na kompyuta? Mpelekee akiangalie."

Karakana ya Shangazi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya kuinama na makopo ya parafujo yaliyopangwa kwa ukubwa. Redio zisizo na vifuniko zilijaa rafuni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mgonjwa gani?"

Kengele akaeleza yote, akimalizia na kuanguka kwa kisanduku, sehemu ambayo aliitia chumvi kidogo. Shangazi alikigeuza kisanduku huku na huku, akakitikisa karibu na sikio, akautikisa waya pale unapoingilia. Kisha akakichomeka kwenye kompyuta yake pamoja na maikrofoni, akamvalisha Kengele spika za masikioni na kumwambia azungumze. Kengele alihesabu moja mpaka hamsini. Walipoisikiliza tena, hesabu ilitoka safi, haina hata chembe ya mkwaruzo.

Shangazi akabadilisha waya, ikawa safi. Akarudisha waya wa kwanza, ikawa safi vile vile. "Kisanduku hiki hakina ugonjwa wowote," akasema.

"Labda kimepona," Kengele akasema.

Shangazi akacheka mpaka akavua miwani. "Kifaa hakipati mafua, kikanywa chai ya moto, kikapona! Kama hapa kinaimba na kule kinakwaruza, basi tatizo liko kule. Kesho saa tisa nitakuja shuleni kwenu."

Kengele alipaswa kufurahi. Badala yake alikifunga kisanduku kitambaani haraka haraka, akaaga.

Alhamisi saa tisa Shangazi alifika na mkoba wake wa kazi. Mwalimu alimkaribisha, na Twiga pia alikuwepo, kwa kuwa Mwalimu alimwita. Alisimama karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke. Chumba kilikuwa na joto la kufa mtu, maana bati halikuwa na dari na dirisha moja lilikuwa limekwama.

Shangazi alikaa mbele ya kompyuta na kuchukua karatasi. "Mafundi wengi wanakosea hapa," akamwambia Mwalimu. "Wanabadilisha vitu vitano kwa pamoja. Kifaa kikipona hawajui kimeponywa na nini. Mimi nabadilisha kimoja, nasikiliza, naandika."

Alichomeka kisanduku, akarekodi, akasikiliza. Safi. Akaandika. Akafungua programu nyingine mbili ili kompyuta ipate kazi nyingi, akarekodi tena. Safi. Akaangalia mipangilio ya sauti, akakuta kompyuta na kisanduku vimepangwa kiwango kimoja cha sauti. Akaandika. Akautikisa waya wakati wa kurekodi. Safi.

Mwalimu akajikuna kichwa. "Sasa ule mkwaruzo unatoka wapi? Mimi nimeusikia kwa masikio yangu."

Shangazi aliweka kalamu chini, akamgeukia mpwa wake. "Mwanangu, kaa hapa. Fanya kila kitu kama unavyofanya siku zote saa tisa ukiwa peke yako. Usiruke hata kimoja."

Kengele akaketi. Akafungua kitabu, akasogeza maikrofoni, kisha mkono wake ukaenda chini kwenye mkoba, kwa mazoea tu, na ukaishia hapo. Ndani ya mkoba kulikuwa na feni ndogo ya plastiki, zawadi ya kaka yake ya Jumapili iliyopita. Pamoja nayo kulikuwa na kile kidude ambacho kaka yake alikiita pweza, chenye nyaya nne fupi, kinachogawa tundu moja la USB kuwa manne. Tangu Jumatatu mchana alikuwa akimchomeka pweza kwenye tundu la tatu, kisha kwa pweza akachomeka kisanduku na feni pamoja. Feni aliiweka miguuni, haikupiga kelele hata kidogo, na akimaliza alivirudisha vyote mkobani. Hakuna aliyewahi kuviona.

Angeweza kuuacha mkoba. Angesoma ukurasa mmoja, ungetoka safi, watu wazima wangepandisha mabega na kusema mambo ya kompyuta hayaeleweki. Kisanduku kingeonekana kimepona. Naye Twiga angebaki kuwa yule aliyekiangusha.

Kengele aliinua macho akamwona Twiga pale mlangoni, ameegemea fremu, hamwangalii mtu.

Akapiga moyo konde, akatoa pweza, akatoa feni. Alichomeka vyote kama alivyozoea, akawasha feni, akabonyeza kitufe cha kurekodi, na kusoma: "Maji hupanda kutoka mizizini." Sauti yake, ile ya kusikika uwanja mzima, leo ilikuwa ndogo kama ya mtoto mgeni. Shangazi alipoirudisha, wote wakasikia: *Maji hu-kra-panda kutoka mi-kra-kra.*

Shangazi akachomoa feni tu. Safi. Akairudisha. Kra. Akamtoa pweza, akachomeka kisanduku moja kwa moja kwenye kompyuta. Safi. Akaandika mistari mitatu, akaipigia mstari chini.

"Tundu hili linatoa umeme mdogo," akaeleza bila kupandisha sauti. "Feni inapozunguka inauvuta kwa kushtukashtuka. Kwa kufumba na kufumbua kisanduku kinapungukiwa, sauti inakatika vipande vidogo vidogo. Hivyo vipande ndivyo mnavyovisikia vikikwaruza."

Mwalimu aliitazama karatasi ya ukutani, kisha akamtazama Kengele. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu mchana, Mwalimu. Kulikuwa na joto. Nilidhani kwa kuwa haina kelele, haidhuru."

"Na uliposema ni Twiga?"

Kengele akaona haya mpaka masikio yakamwaka. "Sikujua kuwa ni feni. Kweli sikujua. Lakini... sikutaka kuifikiria pia. Nilijua nimevunja amri, nikaogopa kuitaja." Akamgeukia Twiga. "Nisamehe. Nimekusingizia mbele ya watu wote."

"Nilikuambia kiliangukia mkoba," Twiga akasema. "Ulikuwa rafiki yangu na hukunisikiliza. Sasa darasani wananiita Mvunjaji."

Kengele akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Kesho asubuhi nitasimama mbele ya darasa," akasema hatimaye. "Nitasema pale pale niliposema mara ya kwanza."

"Utasema," Mwalimu akakubali. "Na kuanzia leo kiongozi wa kurekodi ni Twiga, mpaka mwisho wa muhula. Utasoma atakapokupangia." Kisha akaangalia saa. "Jirani ana jaribio kesho, na hana somo hata moja la kueleweka tangu Jumatatu mchana."

Twiga akavuta kiti. Alifungua kitabu, akahesabu kurasa kwa kidole. "Ni kurasa kumi na nane. Mimi nitasoma tisa za kwanza. Wewe shika kitabu, nitakapotoa jasho usiniletee feni."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne Twiga kutania. Shangazi akacheka, na hata Mwalimu akatabasamu. Wakasoma kwa zamu, sare zikiwaganda mgongoni, na kila baada ya ukurasa Twiga akasikiliza kabla ya kuendelea. Saa kumi na moja flashi ilikuwa mikononi mwa mama Jirani. Yeye na Jirani walisikiliza palepale. Jirani akasema, "Mpaka karatasi ikigeuzwa naisikia. Niacheni nisikilize."

Siku ya pili Kengele alisimama mbele ya darasa na kusema yote, bila kujipunguzia. Kulikuwa na minong'ono, na mmoja alitaka kumcheka, lakini Twiga akamtazama mpaka akaacha. Alasiri Mwalimu alirudi kutoka kwa Jirani na habari kwamba amepata maswali kumi na saba kati ya ishirini.

Jioni hiyo Kengele alipita karakana kumweleza Shangazi matokeo. Shangazi alikuwa akifunga parafujo ya redio, na hakuacha kazi yake alipokuwa akizungumza.

"Jumatatu yalitokea mambo mawili, mwanangu. Kisanduku kilianguka, na wewe ukaleta feni. Yote mawili uliyajua. Ukachukua lile la mwenzako, la kwako ukalificha mkobani. Mimi kila mteja anayeingia hapa humwuliza, 'Kabla hakijaharibika, wewe ulifanya nini?' Wengi hunitajia mtoto, au mfanyakazi, au umeme. Anayeanza na nafsi yake, kazi yake huisha nusu saa. Wewe ungeanza na nafsi yako, Jirani asingeumwa kichwa siku tatu, na Twiga asingepewa jina baya."

"Ndiyo, Shangazi."

"Lakini jana ungeweza kuuacha mkoba umefungwa. Niliuona mkono wako ulivyosimama. Hukuuacha." Akawasha redio, ikatoa sauti nzuri iliyotulia. "Kutafuta kosa ni kazi ya kila mtu. Mtu mkweli huanza kulitafuta kwake. Haya, nishikie hii taa vizuri, imulike hapa."