Karibu Tini

Tulifika mji wa Tavira kutoka Lisbon Jumamosi mchana, mimi na binti yangu Jacinta, kumtembelea wifi yangu Ludovina. Jua lilikuwa kali na mtaa mzima umelala baada ya chakula. Mimi na wifi tulikuwa jikoni tunasugua sufuria. Jacinta akaingia kutoka uchochoroni, anatafuna.

"Unakula nini wewe?"

"Tini. Kuna mama alikuwa anakula mlangoni kwake, akaniambia karibu."

Wifi akacheka. "Watoto wa Lisbon! Huku ukikaribishwa njiani unasema 'asante, starehe,' unapita zako. Wewe umeketi ukala kama uko harusini!" Kisha akauliza, "Mlango upi?"

"Ule wa buluu, chini ya ngome."

Kicheko kikamkatika. "Wifi," akaninong'oneza, "pale hakuna mlango."

Tukaenda. Ulikuwepo ukuta mweupe tu, na alama ya tao la Wamori, Waislamu waliotawala huku zamani, lililozibwa kwa mawe tangu walipofukuzwa. Jacinta akaegemeza shavu ukutani, akafumba macho, kama mtoto anayepapaswa.

"Bibi alisema kuna mwanamke wa Kimori aliyebaki humo, watu wake walipofukuzwa," wifi akasema. "Mtoto akila mkononi mwake, amekubali kuwa wake."

"Sasa tufanyeje?"

"Sijui, wifi yangu. Waliojua wamekufa wote."

Nilirudi na mwanangu Lisbon jioni ile ile. Nina kazi na nyumba ya kuangalia. Sina nafasi ya hadithi za bibi. Lakini Jacinta hakula supu yangu. Hakula mkate. Nikabembeleza, nikafoka, nikalia. Alisukuma sahani kwa adabu.

"Asante, mama. Starehe."

Wiki ikapita hivyo. Nikampeleka kwa daktari, akampima uzito.

"Ananenepa vizuri, mama. Endelea kumlisha hivyo hivyo."

Nikamshika mkono, tukarudi nyumbani.

Jana nililala naye kitanda kimoja, nimemkumbatia, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Sikusikia kitu. Asubuhi nywele zake, nilizoziacha timutimu, zilikuwa zimesukwa misuko myembamba, imepakwa mafuta ambayo harufu yake siijui. Mimi sijui kusuka. Nikaanza kuifumua.

Akanishika mkono. Taratibu, kama anayemzuia mgeni.

"Usifumue," akanong'ona. "Mama atakasirika."