Cheti Kilichobaki Sandukuni

Kila asubuhi Vénérande alipanga migebuka yake, samaki wa ziwani, juu ya meza ya mbao, katika soko dogo la mtaa wao, Gungu. Wakubwa mbele, wadogo nyuma. Wateja wote waliujua ujanja huo, na bado walinunua, maana mama huyu alikuwa na ulimi mtamu na samaki wake hawakuwa wa jana.

Kabla ya kugusa samaki alikwenda kunawa mikono. Mlangoni mwa soko palikuwa na simtanki jeusi la maji lenye mabomba matatu, lililowekwa wakati wa korona. Ugonjwa ulipopungua, watu walivua barakoa, wakarudi kushikana mikono, na sabuni pale bombani ikatoweka. Vénérande akawa ananunua kipande cha sabuni mwenyewe na kukifunga kwa kamba.

Alikuwa na sababu. Zamani mjukuu wake Ishimwe, mtoto wa binti yake Aurore, aliharisha kila masika. Mwaka mmoja alilazwa siku nne, dripu mkononi. Lakini tangu mabomba yawekwe, masika mawili yalikuwa yamepita na mtoto hajaharisha hata siku moja. Vénérande alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akalishukuru simtanki kimoyomoyo, asije akachekwa.

Jumatatu moja Mwinshehe, dereva wa bajaji, alimletea habari. Jumamosi kungekuwa na mkutano wa mtaa, na madereva walikuwa wameomba simtanki liondolewe ili wapate pa kuegesha.

"Korona imekwisha, mama," alisema. "Lile linakula nafasi bure."

Mwinshehe hakuwa mtu mbaya. Siku hiyohiyo alikuwa amembebea ndoo yake ya samaki kutoka mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshusha samaki. Lakini Vénérande alirudi nyumbani moyo mzito.

Wakati wa chakula alimwambia mumewe, Calixte, kwamba angependa kwenda kusema. Calixte alirudisha tonge kwenye sahani.

"Mama Aurore, hiyo ni siasa," alisema. "Sisi tulipokewa tu hapa. Tukae kimya."

Wote wawili walitoka Burundi mwaka 1972, wakiwa wamebebwa migongoni mwa mama zao. Walikulia katika makazi ya wakimbizi. Huko, ili usafiri ulihitaji kibali, na ili upewe chochote ulionyesha kadi. Na waliambiwa tangu utotoni: siasa msiguse. Sasa walikuwa raia wa Tanzania kwa miaka kadhaa. Vyeti vyao vya uraia vilikaa sandukuni, vimefungwa kwenye plastiki. Lakini uoga wao ulikuwa bado haujapewa uraia.

Kesho yake Agnesi, afisa maendeleo ya jamii wa kata, alikuja kununua samaki. Alikuwa msichana wa Kiha, mpole, asiyepita bila kuamkia. Vénérande alimwambia kuna mama mmoja anamfahamu, anataka kutoa maoni mkutanoni, ila anaogopa.

Agnesi alitabasamu. Aliona mara moja huyo mama ni nani.

"Mwambie mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka kumi na nane," alisema. "Kusema mabomba yabaki si kosa. Ni maoni."

"Si siasa?"

"Ni siasa, mama. Kuamua pamoja maji yakae wapi, siasa ndiyo hiyo. Ugomvi ni kitu kingine. Asimtukane mtu wala asizushe. Aseme aliyoyaona kwa macho yake, halafu aseme anataka nini. Na mwenye maoni mengine amsikilize pia, maana huenda naye ana shida ya kweli."

"Na wakimkataa?"

"Atakuwa amesikika. Na mkutano mwingine upo."

Agnesi alimweleza pia kwamba maji na sabuni havikuwa vya korona peke yake. Vinazuia kuhara na kipindupindu, na magonjwa hayo hayajaondoka.

Jumamosi watu walijaa chini ya banda la soko. Mwinshehe alisema kwanza, na alisema vizuri. Bajaji zinaziba njia, abiria wanashukia matopeni. Watu wakapiga makofi. Ndipo Vénérande aliponyoosha mkono. Alikwenda mbele, akafungua mkoba, akatoa cheti chake ndani ya plastiki, akakiweka mezani mbele ya mwenyekiti, Mzee Feliksi. Ndivyo alivyofanya na kadi miaka yote ya makazini.

Mtu mmoja akacheka. Kule nyuma Calixte aliinamisha kichwa.

Mzee Feliksi alikishika kile cheti kwa mikono miwili. Hakukisoma. Alimrudishia.

"Kitunze vizuri, Mama Aurore," alisema. "Lakini hapa hatudai karatasi ili mtu aseme. Wewe ni mkazi mwenzetu. Sema, tunakusikiliza."

Vénérande alikirudisha cheti mkobani akitabasamu. Kisha akaeleza habari za Ishimwe, masika kwa masika.

"Sisemi ni simtanki peke yake," alimalizia. "Lakini mimi nauza samaki, na ninyi mnawala. Mnataka ninawe wapi?"

Banda zima likacheka, na safari hii naye alicheka. Akaongeza kwamba Mwinshehe amesema kweli, njia ni nyembamba. Je, simtanki haliwezi kusogezwa kwenye kona ya ukuta?

Mwinshehe alijikuna kichwa. "Hao samaki na mimi nawala," alisema, akawa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali.

Simtanki likasogezwa. Madereva wakapewa zamu ya kulijaza, na wauzaji zamu ya sabuni. Agnesi alipopita, Vénérande alimfungia mgebuka mkubwa, wa mstari wa mbele, akamwambia tena na tena "urakoze", yaani asante, mpaka yule msichana akaona haya.

Mkutano uliofuata ulihusu mtaro wa maji machafu. Wakijiandaa kutoka, Calixte alimuuliza mkewe kama amechukua cheti.

"Kiko sandukuni," alijibu.

Calixte alisimama mlangoni akifikiri. Hakurudi ndani. Pale bandani, mazungumzo yalipofika kwenye mtaro, alinyoosha mkono wake mtupu.

"Karibu, Baba Aurore," alisema Mzee Feliksi.