Yumtso Alinilisha Yaki wa Mama Yangu

Nilikuwa natafuna kipande cha tatu nilipoliona lile sikio.

Lilikuwa mdomoni mwa mbwa, nyuma ya nyumba. Nilitoka kumwaga maji ya kunawa. Ndani watu wanakula na kuimba, wanaifungua nyumba mpya ya shoga yangu Yumtso. Mbwa akaliangusha chini akaanza kulilamba. Sikio jeusi la yaki, yule ng'ombe wetu wa milimani mwenye manyoya marefu, na kwenye tundu lake kuna kishada chekundu kilichosukwa pamoja na uzi wa bluu.

Kishada kile nilikisuka mimi. Ule uzi wa bluu niliuchomoa kwenye mshipi wa mama yangu.

Nyie... nikaelewa ninachotafuna.

Kwetu huku nyanda za juu, mtu akiugua mpaka waganga wakakuna vichwa, ndugu zake wanamkombolea mnyama. Wanamtoa kwenye lori la machinjio, wanamtoboa sikio na kumvalisha kishada. Kuanzia siku hiyo hachinjwi, hauzwi, habebeshwi hata gunia. Anakufa kwa uzee wake. Uhai mliompa yeye, mgonjwa wenu naye anajaliwa wake. Usinicheke, hata kwenu mna mambo yenu.

Mama yangu tulimkombolea Khakar, dume la yaki lenye pua nyeupe. Moyo wa mama ulikuwa umechoka, na daktari wa mjini alishasema tumrudishe nyumbani tu. Wiki ile ile Khakar alipovalishwa kishada, mama akaketi kitandani akaomba chai. Tangu hapo, kila asubuhi mama, Ama kama tunavyowaita mama zetu, aliniuliza swali moja.

"Dukar, Khakar hajambo?"

"Hajambo, Ama. Ananenepa."

Na kweli alinenepa. Nimemla, najua.

Sasa niwaambie Yumtso ni nani. Hema la kwao na la kwetu yalikuwa jirani. Tumechunga pamoja, tumesoma pamoja, na tukaanzisha pamoja mfuko mdogo wa ruzuku, chumba kimoja juu ya duka la tambi. Wafadhili wetu ni watu wachache wa mbali wanaoipenda nchi yetu. Mimi nilishika mhuri, yeye alikuwa makamu wangu. Tulisaidia wazee wafundishe kusuka yale mahema meusi ya manyoya, vijiji visafishe chemchemi, watoto wajifunze ngoma za vinyago.

Lakini mradi wetu mkubwa ulikuwa kundi la wanyama waliokombolewa. Katika bonde wanamolishwa wanyama wale hakuna anayethubutu kuchimba wala kuwinda, watu wanaogopa dhambi. Na chemchemi za bonde lile ndizo zinazotunywesha mji mzima. Mchungaji wao alikuwa Lubum, kaka yake Yumtso.

Mwaka ule, kabla ya sherehe ya nyumba yake, Yumtso aliomba ruzuku ajenge nyumba ya wageni, akaipachika jina la kituo cha utamaduni. Nikamkatalia mbele ya kamati ya mfuko.

"Utamaduni gani huo wa vitanda na televisheni?" nikamwambia.

Kamati nzima ikaangua kicheko. Yeye pia alicheka, nami nikadhani yameisha.

Haya, turudi kwenye sherehe. Nikamvuta jikoni.

"Yumtso, hii nyama umeitoa wapi?"

"Kwani chumvi imezidi?"

"Nimeona sikio."

Akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Aah. Mbwa hawa hawana adabu kabisa."

"Yule ni Khakar wa mama yangu."

"Namjua. Nilimchagua mwenyewe kundini, Lubum akamchinja."

"Kwa nini, Yumtso?"

"Ulininyima mbele za watu, ukawachekesha. Na mimi nimekulisha mbele za watu. Tena umekula vizuri, shoga. Nilikuwa nakuangalia."

Nikanyanyua mkono. Haki ya Mungu ningempiga kofi ambalo wajukuu wake wangelisimulia.

"Piga," akasema. "Halafu niende kwa bi mkubwa nimwambie Khakar yuko wapi, na mwanawe kala vipande vingapi. Moyo wenyewe ule... sijui kama utafika jioni."

Mkono ukashuka wenyewe.

"Unataka nini?"

"Mhuri."

Nilimkabidhi kesho yake mbele ya kamati. Nikamvalisha na kitambaa cheupe shingoni, kama tunavyofanyiana tukiheshimiana. Alitaka niseme nimechoka, nauguza mzazi. Nikasema. Watu wakanipa pole, na mmoja akalia kabisa.

Msimu wote ule wa baridi nilikuwa mtumishi wake. Alinibakiza ofisini nichemshe chai ya siagi kwenye vikao.

"Dukar, kikombe cha mgeni kimepoa, huoni?"

"Naona."

"Ukiona si uongeze, mama. Au mpaka nikuandikie barua?"

Kituo cha utamaduni kikapata ruzuku, vitanda vikaja, televisheni ikaja. Na kundi bondeni likaanza kupungua. Leo hayupo huyu, wiki ijayo hayupo yule. Lubum ukimuuliza anatazama mlima.

Asubuhi mama ananiuliza, "Khakar hajambo?" Mimi natoa simu, namwonyesha picha za zamani. Anaitazama picha, anaitazama tena, halafu ananirudishia simu.

"Picha nzuri," anasema.

Nilijua nasema uongo. Lakini nilijiambia kila siku anayoamka hai ni siku niliyomnunulia mimi, kwa aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa najionea huruma sana, jamani.

Majira ya kuchipua nyasi, Yumtso akapandisha lori la machinjio bondeni kuchukua wote waliobaki. Mtu mmoja alikuwa anataka kuchimba kokoto kule, na wanyama wenye vishada wakiwepo wanakijiji wasingekubali. Nikasimama mbele ya lori.

"Washushe, Yumtso."

"Toka barabarani."

"Hawa ni uhai wa watu. Yule pale ni wa mtoto wa mwalimu. Yule wa mkunga. Washushe."

"Kumbe bado una mdomo," akasema. "Basi acha niende kwa mama yako sasa hivi."

Lubum akamshika mkono. "Dada, usiende kule. Nakuomba."

Akamsukuma, akaanza kuteremka. Nikamfuata nikimshika upindo wa joho. Ndiyo, nilimwomba. Nilimwita dada, nilimwita mama, nikamwambia nitamchemshia chai mpaka kufa kwangu. Hakugeuka.

Mama alikuwa amekaa kando ya jiko, blanketi miguuni. Yumtso akapiga magoti, akamshika mikono, akavaa uso wa msiba.

"Ama, nina habari mbaya ya Khakar."

"Naijua," mama akasema.

Yumtso akaiachia ile mikono.

"Mlimchinja siku ya kufungua nyumba yako. Kaka yako alikuja kesho yake, akalala kifudifudi hapo hapo ulipo. Aliogopa kufa na dhambi ile bila msamaha wangu. Nimemsamehe. Nikamwambia anyamaze."

Lubum alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

Nikakaa chini. Mhuri, chai, kitambaa, wanyama wa watu... vyote nililipia siri ambayo mama alikuwa nayo tangu kesho yake!

"Ama, ulijua? Sasa mbona kila siku unaniuliza kama hajambo?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja nini?"

"Useme ni wewe uliyetoa amri achinjwe. Lubum aliniambia ni wewe."

Nikamgeukia Lubum. Hakuinua kichwa. Alitubu dhambi ya mkono wake, ya dada yake akanibandika mimi.

"Si yeye, Ama," Lubum akasema kwa sauti ndogo. "Ni Yumtso."

Mama akafumba macho. Nilidhani ananihurumia. Nikasogea nimshike mguu.

Yumtso alishaona kisu chake hakina makali, akaona bora aume kwa meno.

"Lakini alimla, Ama. Muulize. Vipande vitatu."

Mama akanitazama. Hilo hakuwa analijua.

"Ulikula?"

"Nilikula, Ama. Sikujua."

"Na uliporudi nyumbani, ulikuwa bado hujui?"

Nikatazama blanketi lake.

"Nakuuliza, Dukar."

"Nilikuwa najua."

"Kesho yake nikakuuliza hajambo. Ulinijibu nini?"

"...Nilisema ananenepa."

Akatikisa kichwa kidogo. Hakulia, hakupiga kelele, na moyo wake haukusimama kama Yumtso alivyonitisha.

"Kila asubuhi nilikufungulia mlango wa kusema," akasema. "Wewe ukaniletea picha."

Kisha akageukia mlangoni.

"Lubum, mwanangu, njoo unimiminie chai."

Nyie, nilikuwa karibu na birika kuliko yeye. Lubum alinipita, mtu aliyemchinja Khakar kwa mikono yake, akammiminia mama yangu, na mama akanywa. Mimi na Yumtso tukaambiwa tutoke, wote wawili kwa sentensi moja.

Tulipofika nje, lori lilikuwa limeshaondoka na wanyama.

Siku ya soko nilisimama nikasema yote, jina kwa jina. Wafadhili wakaufunga mfuko, na sikuwalaumu. Yumtso ana nyumba yake ya wageni, ila hakuna mtu wa kwetu anayegusa kikombe mle. Kwangu pia hawagusi, maana mdomo wangu umeonja. Bondeni wanachimba kokoto, na maji ya chemchemi siku hizi yanatoka na vumbi.

Mama yu hai. Nilimwambia nataka kumkombolea mnyama mwingine, nianze upya. Alinijibu huku anatazama dirishani:

"Waache wanyama wa watu."

Lubum ndiye anayemletea kuni na maji. Mimi huwa napeleka unga wa shayiri, nauweka kizingitini.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akikushika kwa siri ya nyumbani kwako, usimlipe hata kidogo. Nenda kaseme mwenyewe, siku ile ile, hata kama midomo inatetemeka. Nilijidanganya kwamba namlinda mama, kumbe naogopa atakavyonitazama. Na alipokuja kunitazama hivyo, nilikuwa nimeshauza kila kitu.

Kama una neno hujamwambia mzazi wako, weka simu chini. Pengine analo tayari, na anakuhesabia siku.