Laini ya Nyumba ya Nianjema

"Dada, sogea kidogo, nisije nikakuangushia koleo!"

Najma aliinua uso. Soko la samaki la Bagamoyo lilikuwa limefurika, wapiga mnada wanapayuka, mafuta ya kukaangia yanachemka, na juu ya nguzo alikuwapo kijana mwembamba mwenye fulana ya kampuni ya intaneti. Najma alikuwa ametinga dera la zambarau lililompenda kwelikweli.

"Ukilitoboa dera langu utaninunulia jingine."

"Basi acha koleo lianguke, nipate sababu ya kukutafuta."

Najma akacheka, na hapo ndipo alipokwisha. Kijana alikuwa fundi, jina lake Mbaruku. Yeye Najma alikaa kaunta kwenye kampuni iliyoshindana na ya kijana huyo. Mapenzi yakakolea kwa simu.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Umeshuka, au bado uko juu?"

"Niko juu. Ukiongea hivyo nasahau kushuka."

Kampuni hizo mbili zilishindana, lakini zilikuwa na makubaliano. Moja ikipata mteja kwenye mtaa wenye nyaya za mwenzake, huuliza kwa kompyuta kama kuna laini ya wazi. Anayeulizwa hujibu ipo au haipo, na anayoyaona humo hayatoki nje ya ofisi, hata kwa mume wala mchumba. Mwenye kujibu Bagamoyo alikuwa Najma, na Mbaruku alilijua hilo.

Asubuhi moja likaja ombi: nyumba ya Shamsia, Nianjema. Namba ya kupigiwa ilikuwa ya Mbaruku.

Shamsia ndiye nani? Angeuliza mchana uleule, yangekwisha. Lakini makubaliano yalimfunga mdomo, na wivu haukumwacha atulie. Nguzo ya mtaa ule ilikuwa na nafasi mbili za wazi za kuunganishia laini. Akaandika: haipo.

Kesho yake jioni Mbaruku akapiga simu, sauti imepoa.

"Najma, kazini hukuona kitu?"

"Nione nini? Ya kazini hayasemwi nje."

"Kwa hiyo huna la kuniambia?"

"Mwenye la kusema ni wewe."

"Ofisi yetu ya hapa inafungwa. Nimepangiwa Tanga."

"Safari njema."

Kiburi gani hiki, jamani! Kisha akajifungia chumbani, binti wa watu, akalia hadi kichwa kikamuuma.

Miezi ikapita. Siku moja akaingia ofisini mama mtu mzima, baibui jeusi, kanga begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Shamsia, nina nyumba ya kupangisha Nianjema. Wapangaji wangu wanataka intaneti." Akakaa, akajipepea kwa ncha ya kanga. "Alikuja kijana zamani, Mbaruku, akapaka rangi mwenyewe, eti anataka kuoa. Wakubwa zake walimwambia ofisi yao ikifungwa, akiwa na laini nyumbani atabaki hapahapa, awe anapokea simu za wateja. Mkasema laini hakuna. Maskini, akanirudishia funguo."

Najma akaomba radhi, akaenda nyuma ya ofisi, akapiga simu Tanga.

"Mbaruku, nisamehe. Laini ilikuwepo. Nilidhani Shamsia ni mwanamke wako."

"Najua ilikuwepo. Nilipanda nguzo ile kesho yake, nikaziona nafasi zote mbili."

"Ukanyamaza?"

"Niliweka namba yangu makusudi, uione, uniulize, nikwambie nakuja kuposa. Ulipoandika haipo, nikajua ndiyo majibu yako."

"Mpenzi, sikuwa na maana hiyo..."

"Usiniite hivyo tena, Najma. Ijumaa iliyopita nilioa."

Nyuma yake sauti ya kike ikamwita, chakula kinapoa.

"Nenda ukale," Najma akasema, akakata simu.

Alijuta, na majuto yale hayakuwa na pa kupelekwa. Akafuta macho kwa mtandio, akarudi kaunta. Bi Shamsia alikuwa bado anamsubiri.

"Vipi, mwanangu, ipo au haipo?"

Najma akatafuta nguzo ya Nianjema kwenye kompyuta. Nafasi zilikuwa mbili vilevile.

"Ipo, mama," akasema. "Ilikuwepo siku zote."