Siku Mpokezi Aliposema Hajui

Garimoshi la sumaku kutoka Dodoma lilipofunga breki Kigoma, vibebeo mia nne viliinuka juu ya paa la stesheni kwa wakati mmoja. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa sinia la harusi, chenye mapanga manne yasiyotoa kelele, na kila kimoja kilijua kinakwenda kwa nani. Vilishuka juu ya wanafunzi wapya, vikanyanyua masanduku, magodoro na ndoo, vikaanza kupanda kilima kuelekea chuoni. Wakati huohuo sauti tulivu ilisikika ndani ya kisikizi cha kila mgeni: "Assalaam alaykum, na karibu. Fuata mstari wa kijani. Chumba chako kimefunguliwa."

Sauti hiyo ilikuwa ya Mpokezi, akili mnemba iliyotengenezwa na Nuswaiba Kihiyo, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za stesheni, akihesabu dakika. Kwa miaka mingi Jumuiya ya Wanafunzi Waislamu ilikuwa ikiwapokea wageni kwa mikono: vijana wanabeba mizigo mabegani, wanapotea, wanachanganya masanduku, mtu analala na shuka la mwenzake hadi kesho yake. Mwaka huu kila mgeni alikuwa chumbani kwake katika dakika thelathini na nane. Hapakupotea hata soksi.

"Hongera, Dada Nuswaiba," alisema Twalib Ruhinda, amiri wa Jumuiya, kijana mrefu aliyezoea kutembea kama mtu anayechelewa. "Mwaka jana saa hizi nilikuwa nimeshavunja birika mbili."

Nuswaiba alicheka, lakini roho yake ilikuwa juu. Mpokezi ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho ya kuhitimu. Saa kumi na mbili na nusu jioni, mwalimu wake, Dakta Perpetua Kapufi, angekuja kuupima mtambo kwa kigezo kimoja: kati ya maswali yote yaliyoulizwa siku hiyo, ni mangapi yamejibiwa. Mwanafunzi ambaye mtambo wake ungeongoza angepelekwa Mwezini kwa miaka miwili, kusaidia kuunda mitambo ya kituo kipya. Nafasi ilikuwa moja. Hadi adhuhuri Mpokezi alikuwa amejibu maswali yote, asilimia mia bila upungufu.

Baada ya Alasiri ulipangwa mkutano wa makaribisho. Ukumbi ulitandikwa mazulia, pazia likawekwa katikati, na jikoni akina dada walipika wali wa mawese na migebuka ya kukaanga ya watu mia nne. Saa kumi na nusu ilipofika, Nuswaiba alichungulia ndani. Walikuwa wameketi watu kumi na saba, na tisa kati yao walikuwa viongozi.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Vyumbani," alisema Twalib. "Mpokezi amewaambia kibla kilipo, msikiti ulipo, chakula kitakavyowafikia. Amewaambia pia kwamba mkutano utaonyeshwa ukutani kwa asiyetaka kutoka. Sasa watoke wafuate nini? Umewapokea vizuri mno."

Alisema kwa upole, wala hakuwa na nia ya kumlaumu, lakini maneno yalimchoma. Nuswaiba alikaa kwenye benchi la nje, akafungua daftari la maswali. Daftari hilo halikuwa na majina, namba za vyumba tu, na yeye kama fundi aliruhusiwa kulisoma. Alitaka kuona kama kuna aliyeuliza habari za mkutano.

Akakuta chumba namba mia mbili na kumi na nne, Jengo la Malagarasi. Mgeni wa chumba hicho alikuwa ameuliza Magharibi inaingia saa ngapi. Dakika chache baadaye akauliza tena. Akauliza mara tisa katika muda wa saa moja na nusu, na mara zote tisa Mpokezi alimjibu sawasawa. Kisha lilifuata swali la mwisho: "Unaweza kuendelea kuongea?" Mpokezi alikuwa amejibu: "Ndiyo. Ungependa nizungumzie mada gani?" Baada ya hapo hapakuandikwa kitu.

Nuswaiba aliisoma mistari hiyo mara mbili. Halafu akainuka akaenda Malagarasi, jengo la wasichana, kwa miguu, akasahau hata kuuita mstari wa kijani.

Aliyefungua mlango alikuwa msichana mwembamba mwenye macho mekundu, bado amevaa viatu vya safari. Jina lake Hidaya Nsabimana, kutoka Rumonge, Burundi. Mizigo yake ilikuwa imepangwa vizuri ukutani, kama ilivyoachwa na kibebeo.

"Shikamoo, dada. Nimeharibu kitu?" aliuliza.

"Marahaba. Hujaharibu kitu. Nimekuja kukusalimia tu."

Hidaya alimtazama kama mtu asiyeamini, akasogea ampishe. Nuswaiba aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akamuuliza safari ilikuwaje, nyumbani wako wangapi, amekula nini. Hidaya alijibu neno mojamoja, kisha mengi kwa pamoja. Alikuwa na wadogo sita, na hajawahi kulala chumba peke yake.

"Mbona hukugonga kwa jirani?"

"Nimuulize nini, dada? Kila kitu mashine inakijua. Nikigonga nikauliza msikiti uko wapi, si ataona mimi sina akili? Nikakaa. Nikawa nasikiliza ile sauti."

Katika miaka miwili ya kuunda Mpokezi hakuna siku ambayo Nuswaiba aliwahi kufikiri kwamba swali dogo la njiani linaweza kuwa kisingizio cha mtu kumsogelea mwenzake. Na yeye alikuwa ameviondoa visingizio vyote, kwa siku moja, kwa watu mia nne.

Alimwita Twalib kwa kisikizi, akamweleza. "Naweza kumwagiza Mpokezi aseme hajui. Wataulizana."

Twalib hakukubali. "Anajua lakini aseme hajui? Huo ni uongo, dada. Tusiwakaribishe watu kwa uongo."

"Basi itabidi asijue kweli."

"Inawezekana?"

"Nikiyafuta anayoyajua, inawezekana. Hayatarudi mpaka kesho alfajiri." Akatazama saa. "Na Dakta Kapufi anakuja leo."

Twalib alijua habari za Mwezini. Chuo kizima kilijua. Akasema tu, "Uamuzi ni wako. Sisi tutakula na hao kumi na saba, hakuna atakayekulaumu."

Nuswaiba alifungua kumbukumbu za Mpokezi kwenye kioo cha kiganjani. Mambo ya hatari na ya ugonjwa hakuyagusa. Akafuta njia ya ukumbini na ya msikitini, akafuta kibla, jiko, ratiba na matangazo ya ukutani. Kwa kila kimoja mtambo uliuliza kama ana uhakika, na kila mara kidole chake kilichelewa kidogo.

Dakika tano za kwanza zilipita kimya. Kisha mlango ulifunguka mwisho wa korido ya chini. "Samahanini, kuna anayejua chakula kiko wapi? Hii imeniambia haijui, nimuulize mtu." Mlango mwingine ukafunguka, na mwingine. Muda si muda Malagarasi ilikuwa na kelele kama soko la Mwanga asubuhi. Wasichana wanne walibishana kuhusu kibla mpaka Hidaya, aliyekuwa ameusoma mji kwenye ramani safari nzima, akawaambia waweke ziwa mkono wa kushoto, waegemee mashariki kidogo. Walimsikiliza. Mmoja akamshika mkono, akamwambia usiniache.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Wavulana thelathini walimfuata mwenzao wa Songea kwa sababu alitembea kwa kujiamini, na wakajikuta kwenye mazoezi ya kwaya ya wanafunzi Wakristo upande wa pili wa kilima. Wanakwaya walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakawasindikiza wote hadi ukumbini. Twalib aliwakaribisha wanakwaya nao wakae, nao hawakuhitaji kubembelezwa.

Dakta Kapufi alifika saa kumi na mbili na nusu kamili. Alisoma hesabu, akavua miwani.

"Maswali mia sita na kumi na moja hayakujibiwa. Mtambo umeharibika?"

"Hapana, Mwalimu. Majibu nimeyafuta mimi mwenyewe."

"Na ulijua matokeo yake?"

"Nilijua. Lakini hayo maswali yamejibiwa, Mwalimu. Si na mtambo."

Dakta Kapufi aligeuka kuutazama ukumbi. Mazulia yalikuwa hayaonekani kwa watu. Sahani zilipita juu ya vichwa, na mtu alikuwa akimtafuta mwenye kiatu kimoja cha kijani. Alitazama muda mrefu kuliko alivyolisoma daftari.

"Kipimo changu hakina pa kuliandika hili," alisema mwishowe. "Umefaulu, kwa alama za kawaida. Nafasi ya Mwezini itakwenda kwa mwenzako Bwire, anayekufuata. Uniandikie ripoti ya ulichokiona leo, ndefu, usinifiche kitu. Huenda nikabadilisha kipimo kwa watakaofuata."

"Ahsante, Mwalimu."

Nuswaiba aligeuza uso ukutani kidogo mpaka uchungu ukapungua. Adhana ya Magharibi ilianza, na sauti za watu zikashuka. Alipogeuka alimkuta Hidaya amesimama mbele yake na wasichana saba nyuma yake.

"Dada Nuswaiba, hawa wanauliza pa kutawadhia. Nimewaambia wewe unajua."

"Najua," alisema Nuswaiba. "Twendeni niwaonyeshe."